Wakwe Walipokuja Kuniangalia Nikifikiri

Baba mkwe wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Arusha, na hakubali mkwe kabla hajamwona kazini. Mume wa binti yake mkubwa ni mwalimu. Mzee alikwenda akakaa nyuma ya darasa kipindi kizima cha jiografia. Wa pili ana gereji, naye alitazamwa akishusha injini ya Fuso mpaka jioni. Kwa hiyo nilipokwenda kujitambulisha nikasema mimi ni mtafiti wa fizikia ya nadharia, hakuuliza hicho ni kitu gani. Aliuliza, "Unafanyia wapi?"

Nikamwambia nina ofisi kwenye taasisi moja upande wa Tengeru, lakini kazi yenyewe naifanyia zaidi nyumbani, Sekei.

"Basi tutakuja Jumamosi. Wewe usijisumbue. Fanya kazi kama kawaida, sisi tutaangalia tu."

Nilimpigia mchumba wangu simu nikitumaini ataniokoa. Yeye ni mfamasia, kazi yake inaonekana: kuna kaunta, kuna dawa, kuna mgonjwa anakohoa. "Wataangalia nini?" nikamwuliza. "Mimi si nafikiri tu?"

"Basi fikiri vizuri," akanijibu.

Jumamosi asubuhi wakafika. Mzee alivaa koti la kanisani. Alikuja na dada yake mkubwa, shangazi ambaye katika ukoo ule neno lake ndilo la mwisho, na mkungu wa ndizi za mtori. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, wakakataa chai. Kazi kwanza. Walikaa kwenye kochi refu, mchumba wangu katikati yao, mimi nikakaa mezani mbele ya ubao mweupe nilioupigilia ukutani karibu na dirisha.

Siku za kawaida naweza kuutazama ubao ule saa nzima bila kuandika chochote, na hiyo ikawa siku nzuri ya kazi. Siku ile nilishindwa. Kila nilipoanza kufikiri nilijikuta nawaza uso wangu, kwamba mtu anayefikiri anatakiwa awe na uso gani. Nikakunja kipaji cha uso. Nikakikunjua. Nyuma yangu nilisikia kochi likilia. Mwishowe niliandika mlinganyo ninaoujua tangu mwaka wa pili wa chuo, ili mkono tu uonekane unatembea. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayeona zege linamwagwa. Nikaufuta.

"Mbona umefuta?"

"Haukuwa na kazi, shangazi."

"Sasa uliuandika wa nini?"

Kwa aibu nikarudi kwenye karatasi zangu za kweli, nikazikazia macho ili nisigeuke. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa kuzisoma kwa umakini wa namna ile, kwa sababu katikati ya ukurasa niliona alama ya kujumlisha mahali palipotakiwa alama ya kutoa. Nikapiga ukelele. Mzee akainuka.

"Umepata?"

"Nimekosea, baba."

"Sasa hivi?"

"Hapana. Tangu masika."

Akakaa taratibu. Masika yalikwisha zamani. Nje vumbi la kiangazi lilikuwa limetanda mpaka mlima Meru hauonekani. "Yaani tangu masika umekuwa ukijenga juu ya msingi mbovu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mkuu wako anajua?"

"Bado."

"Akijua?"

"Atafurahi sana," nikasema, na ilikuwa kweli. Miezi yote ile hesabu zetu zilikuwa zinatoa majibu ya ajabu, na sasa tulijua kwa nini. Mzee na dada yake wakatazamana. Mchumba wangu alikuwa anaangalia dari.

Nilimpigia kwa video mtafiti mwenzangu aliye ng'ambo, tunayeandika naye makala ya hesabu zile. Nikamwonyesha alama. Akashika mdomo. Kisha tukanyamaza wote wawili, yeye anatazama karatasi zake, mimi zangu, kama tunavyofanya siku zote.

Shangazi alimnong'oneza mchumba wangu kwa sauti ambayo nadhani hata ng'ambo ilifika. "Mtandao umekata?"

"Haujakata, shangazi. Wanafikiri."

"Wote wawili?"

"Na huyo naye analipwa?" mzee akauliza.

Wakati wa kunywa mtori, ile supu ya ndizi, ndipo mzee alipoweka kijiko chini akataka kujua ninachofikiria hasa. Nikamweleza kwamba nachunguza mashimo. Ndani ya silikoni, ile inayotengenezewa vifaa vya simu, elektroni zimejipanga zikajaa. Moja ikitoka, pale ilipokuwa panabaki pengo, na pengo hilo linatembea, lina tabia zake, hata uzito tunalihesabia. Sisi tunaliita shimo.

"Shimo lina uzito," mzee akarudia polepole.

"Fikiria benchi la kanisani, baba. Limejaa. Aliye karibu na ukuta anaondoka. Jirani yake anasogea ukutani, anayefuata anasogea, na anayefuata. Mwisho nafasi iko huku mlangoni. Imetoka ukutani mpaka mlangoni, na hakuna mtu aliyetembea kwenda mlangoni."

Mzee akasogeza bakuli lake pembeni. "Tujaribu," akasema.

Tukaunganisha kochi na viti vya mezani, tukakaa wote wanne tukiacha nafasi moja upande wa dirisha. Mzee akasogea. Shangazi akakusanya kitenge chake akasogea. Mchumba wangu akasogea huku amejiziba mdomo. Tukarudia, mara ya tatu shangazi akapiga kelele, "Nimemwona shimo! Amenipitia hapa!" Mzee akaamuru sasa tuende upande wa pili. Mwenye nyumba wangu alikuja kukinga maji bombani, akachungulia dirishani, akatuona watu wazima tunasukumana kwa makalio kuelekea jikoni, akaondoka na ndoo tupu.

Nilikubaliwa. Tatizo lilikuja kwenye kikao cha posa. Mzee mmoja wa ukoo wao aliuliza kijana anafanya kazi gani, na shangazi, aliyekuwa ameelewa vizuri kabisa, akajibu kwa fahari, "Anashughulikia nafasi zilizo wazi."

Chumba kizima kikageuka kunitazama kwa heshima.

Wiki iliyofuata alianza kuja mama mmoja kutoka Maji ya Chai, akiwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vya mwanawe. Nikamweleza kwamba nafasi zangu ni za elektroni. Akasema mwanawe amesomea umeme chuo cha ufundi cha Veta. Wakaja wengine. Nilipowaambia sina kazi ya kumpa mtu walitabasamu kwa upole, wakidhani najifanya mgumu, na mmoja aliniachia jogoo mlangoni akakimbia. Mama yangu alinipigia kutoka Nduruma kuuliza kwa nini nawaficha ndugu zangu ajira wakati wakwe wote wanajua.

Kati ya wote hao alikuwemo binti mmoja mwenye shahada ya fizikia, aliyekaa nyumbani tangu amalize chuo. Huyo nilimweleza kuhusu mashimo naye hakucheka. Aliuliza swali, swali zuri kabisa. Tulihangaika mpaka taasisi ikampokea kama mwanafunzi wa uzamili, na sasa ana meza mkabala na yangu. Tulirekebisha ile alama, makala ikatoka. Lakini habari za binti yule zilipofika mtaani, bahasha ziliongezeka maradufu.

Siku ya harusi mshereheshaji alinitambulisha kama afisa mkubwa wa mambo ya ajira. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Baba mkwe wangu hapendi uongo; akasimama, akaomba kipaza sauti.

"Naomba nirekebishe," akasema. "Mkwe wangu hatoi ajira. Anachunguza kitu ambacho hakipo. Nimekwenda, nimemwona kwa macho yangu akikichunguza, na anafanya kwa bidii."

Mtu mmoja nyuma akasema amina. Kina mama wa meza ya mbele wakamgeukia bibi harusi, wakamtazama kwa huruma nyingi, naye akanikanyaga mguu chini ya meza, akiwa amebanwa na kicheko mpaka machozi yanamtoka. Walipoyaona yale machozi, wawili wakaja kumkumbatia.