Banjo Yangu na Ukungu wa Lushoto

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuvua uso wa plastiki wa banjo yangu, ala ya nyuzi yenye uso kama wa ngoma, na kuwamba ngozi ya mbuzi. Plastiki ile ilikuwa na ufa mdogo ambao hakuna aliyeuona ila mimi. Ndivyo nilivyo. Ufa mdogo huninyima usingizi.

Bluegrass nimejifunza kwenye simu: muziki wa wakulima wa milimani kule Marekani, vidole vitatu vikikimbizana juu ya nyuzi. Nimezaliwa milimani pia, kwa hiyo sioni kwa nini niulizwe nimeutoa wapi.

Lakini kila ukungu uliposhuka Lushoto, banjo ililia kama godoro linalopigwa. Nililaumu masikio, nikalaumu vidole. Miaka miwili nilipiga chumbani, dirisha nimelifunga. Nikiombwa kupiga, nilisema bado haijakaa sawa.

Dada yangu alipokaribia kuolewa huko Vuga, akanitaka nipige.

"Bado haijakaa sawa," nikamwambia.

"Siolewi mara mbili ili wewe ujiandae. Usipopiga, usije."

Nikaenda na banjo, nikiwa nimeshaandaa uongo wa kuumwa kidole. Alasiri ukungu ukatanda. Wapiga ngoma walikuwa wakipasha ngoma zao kando ya moto wa jikoni. Mmoja wao, mbeba kabichi wa sokoni, akabonyeza uso wa banjo kwa dole gumba.

"Kaka, ngozi imelewa unyevu. Huipashi?"

Niliona aibu hadi masikioni. Tangu utotoni naona ngoma zikipashwa moto. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba ngozi ya banjo ni ileile ya mbuzi. Niliona banjo ni kitu cha Marekani, kina sheria zake.

Tukaipasha. Sauti ikatoka kali, safi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sasa sikuwa na kisingizio.

Dada alikuwa ananitazama. Nikaanza. Haukupita muda kidole kikateleza, na mjomba, ambaye hajawahi kukosa neno la kusema, akapaza sauti:

"Jamani, kuku anadonoa bati!"

Watu wakacheka. Zamani ningeweka banjo chini na kutafuta njia ya kuondoka. Siku hiyo nilichoka kuogopa.

"Basi mletee mahindi, mjomba," nikasema, "maana haondoki hapa."

Nikaanza upya. Nikateleza palepale, nikapita. Mbeba kabichi akaingiza ngoma yake ingawa bluegrass haina ngoma, nami sikumzuia. Dada akainuka akacheza, na mjomba akamfuata, bado anacheka.

Tangu siku ile sijakataa kupiga nikiombwa. Bado nakosea, na siombi radhi.