Paipu Nene ya Lori la Kizee

Nianze na aibu yenyewe, niitue: nilimrushia mama wa mchumba wangu mafuta ya AC kwenye buibui lake jipya, na yeye ndiye aliyekuwa hajasema kama posa yangu ameikubali au la. Baba mtu alikuwa ameshakubali. Lakini nyumba ile baba hukubali, mama huamua.

Siku hiyo nilikuwa nimpeleke harusini Bongwe, kutoka kwao Munje, kwa lori langu la kizee. Kwa kujipendekeza nikawa nimemwambia, "Mama, humo ndani ni baridi tu, utaomba leso ujifunike." Uongo mtupu. AC ilikuwa ikipuliza vuguvugu kama pumzi ya mbuzi.

Nikatafuta mkebe wa gesi ya AC, nikaegesha lori uani kwao, nikampigia rafiki yangu, fundi wa AC pale Ukunda, mtu wa bara.

"Buda, angalia paipu mbili, nene na nyembamba. Kwa ile nene kuna nipo ndogo kama ya tairi. Hapo ndio unajazia. Nyembamba usiguse, iko na presha mbaya."

Shule niliiachia darasa la saba, lakini nene na nyembamba tulikuwa tumeshafundishwa. Nikafungua boneti, injini inanguruma, nikaiona nene. Nono hasa! Kumbe mwenye lori wa kwanza aliivisha ile nyembamba tyubu ya baiskeli, isisuguane na chuma, ikanenepa kushinda nene yenyewe.

Mama akatoka, ananukia udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baridi yenyewe iko wapi?"

"Hii hapa, sogea uone." Nikaibonyeza nipo kwa msumari.

Fshhh! Mkono mzima wa buibui ukalowa mafuta, na kigesi kilichobaki kikaenda zake. Mama aliukung'uta mkono. Aliingia ndani, akarudi na buibui la zamani, lile jipya kalikunja, akanikabidhi.

"Nalitaka Jumatatu, safi. Na ulifue wewe, si dada zako."

Mpaka Bongwe tulikwenda madirisha wazi.

Nikamwendea rafiki yangu nimenywea, nikamwambia posa imekufa. Alicheka mpaka akakalia tairi.

"Wacha kulia, buda. Mama akikukataa, atakupatia nguo yake uende nayo kwenu? Enda ununue sabuni."