Benchi Mbili Juu ya Mto

Nikisikia harufu ya mbao mbichi za mikaratusi, pua yangu inanirudisha Bihambwe palepale, bila nauli, kwenye mto wetu uliokuwa mpana kama ziwa Kivu. Sawa, mbuzi aliweza kuuruka. Lakini mvua ikinyesha kule juu, hakuna mbuzi aliyejaribu.

Mwaka ule mafuriko yalibeba magogo tuliyokuwa tunavukia, na wanaume wa vilima vyote viwili wakaitwa kujenga daraja. Papa, baba yangu aliyekuwa seremala, ndiye aliyewaongoza. Katikati akalipanua, akaweka benchi mbili na paa la majani. Watu walicheka mpaka maharagwe yakaungua jikoni.

“Papa, hii daraja iko ya kupita ao ya kulala?” akauliza jirani yetu.

“Yote mbili,” Papa akajibu, misumari mdomoni.

Nyumbani tulikuwa na mtoto mchanga, dada yangu. Koko, mama ya mama yangu, aliishi ng'ambo na alikuwa hajamshika bado. Kwetu mama mkwe hakanyagi ardhi ya mkwe wake, wala hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Na shamba la Papa lilishuka hadi mtoni. Mama naye uzazi ulimwacha dhaifu, na kilima cha Koko kiligusa mbingu. Basi kila asubuhi Koko alisimama ng'ambo akiuliza kwa kelele kama mtoto ananyonya.

Daraja lilipokwisha, Mama alishuka polepole, mtoto mgongoni. Koko akaja kwa upande wake. Wakakutana katikati, mahali pasipokuwa pa mtu. Koko alimpokea mtoto, akamnusa shingo, akakaa mpaka kuku wakaenda kulala. Papa alisimama mwisho wa daraja, ametupa mgongo. Nilidhani anamkasirikia Koko, na moyo ukaniuma.

“Ambia baba yako,” Koko akaniambia, kwa sauti ya kufika mji wa Sake, “benchi yake haina mwiba hata moja.”

Nikakimbia kumwambia. Papa, aliyekuwa amesikia kila neno, akaniomba nirudie.

Baadaye watu wakaja na mahindi ya kuchoma, wanawake wakasukana nywele pale. Jirani yetu mcheshi hakuwa na shughuli ng'ambo hata kidogo. Alifika, akakaa, akarudi kwake.

Nilikuwa tayari mke wa mtu, siku nilipomwona mume wangu akizama kwenye shamba la mihogo kujificha kwa sababu mama yangu anapita, ndipo nikauelewa ule mgongo. Papa hakuruhusiwa kumwambia Koko hata “karibu”. Basi akaijenga kwa mbao.