Paka wa Baba Aliposhindwa Kuvuta Pumzi

Baba alipofariki, alituachia mimi na mama kanzu zake na paka mmoja wa kijivu. Mama alipomaliza eda, akawa kila baada ya sala ya alasiri anatia udi kwenye chetezo na kuzifukiza zile kanzu chumbani, mlango na madirisha vimefungwa, kama alivyokuwa akimfanyia baba alipokuwa hai. Paka naye humohumo, amejilaza juu ya nguo.

Wiki chache baadaye akaanza kukohoa. Alijikunyata sakafuni, akanyoosha shingo, akatoa kikohozi kikavu mara nne tano, kisha akajilamba na kwenda zake. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, pale Michenzani, akaniambia, "Huyo kanasa mwiba wa samaki changu. Mpe tonge la wali alimeze, utateremka."

Nikampa. Nilimbana kwa magoti, nikamfungua mdomo kwa vidole, nikamsukumia tonge. Alijipapatua akalitema, akaanza kukohoa, na safari hii hakuacha. Mbavu zilikuwa zikiingia na kutoka upesi upesi, mdomo wazi, na kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba. Ulimi ulikuwa umegeuka zambarau. Niliamini nshamuua paka wa baba, na mama yuko msalani anatawadha.

"Mama," niliita.

"Naam."

"Njoo."

Alikuja maji yakimchuruzika mikononi. Alimtazama paka, akasema taratibu, "Baba'ko alikwenda hivi hivi." Akavua ukaya wake kichwani, akamfunika. "Mchukue. Usisimame njiani."

Jirani alitoa vespa yake. Nilikaa nyuma, paka kifuani, tukashika njia ya Bububu kwa daktari wa mifugo. Mluzi niliuchukia, lakini kila ukinyamaza niliuomba urudi. Kabla hatujafika, ulinyamaza kabisa. Sikumwambia jirani. Niliogopa akigeuka kutazama, itakuwa kweli.

Daktari, mwanamke wa makamo, hakuniuliza hata jina. Alimpa hewa kwa mpira, akamchoma sindano, akaniamrisha nikae mbali nisimtie hofu zaidi. Nikakaa kwenye benchi nikitazama ubavu mmoja wa kijivu. Ulipanda. Ukachelewa. Ukapanda tena.

Baada ya kitambo kirefu daktari akasema, "Si mwiba. Ni pumu. Paka nao wanapata. Tonge lingeweza kumpalia, usirudie tena." Kisha akauliza, "Nyumbani kuna moshi? Sigara, ubani?"

"Udi," nilisema. Nilikuwa nikimuwaza mama. Hofu ya kumpoteza paka ilikuwa imepungua, na nyingine ikaingia mahali pake: vipi nitamwambia kwamba kile kitu kimoja anachomfanyia mumewe ndicho kinachomkaba paka wake?

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama kwenye msala wa kusalia. Nilimlaza paka karibu naye, nikamweleza yote huku nikitazama chini.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Daktari hakusema hivyo, mama."

"Nimesikia alivyosema."

Kesho yake, wakati wa alasiri, alifungua madirisha yote. Alizitoa kanzu moja moja, akazikunja na kuzifunga ndani ya shuka, akanipa nimpelekee ami yangu Mangapwani. Moja tu aliibakisha, na hiyo aliifua kwa sabuni. Alipokuwa akiianika alilia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, na mimi nilisimama mlangoni nisijue kama nimsogelee au nimwache.

Paka yu hai. Daktari ametupa kikopo cha dawa ya kuvuta, na mama ndiye anayemshikia puani, asubuhi na jioni, akimsomea dua kimya kimya. Wiki nyingine hakohoi kabisa. Lakini hata leo akijikunyata tu na kunyoosha shingo, mimi na mama tunakatisha maneno, na hakuna anayevuta pumzi mpaka yeye avute.