Mama Pua na Mbolea ya Kuku

Mtaa mzima walimwita Mama Pua, na jina hilo alilipata kihalali. Wenzake walichomeka kijiti kwenye lundo la mbolea kupima joto. Yeye alichota kiganja, akanusa, akatoa hukumu: imeiva, au bado. Kwa miaka kumi na miwili hakukosea. Ndiyo maana wifi yake aliacha cherehani akaja walime nyanya pamoja kwenye kitalu nyumba, bila hata punje ya mbolea ya dukani.

Kisha yakaja mafua, na yalipoondoka yakaondoka na harufu zote. Mama Pua hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, na kwa uso gani? Kila asubuhi alikata kitunguu akakinusa kwa kujificha, akajipa moyo kwamba kesho itarudi.

Siku ya kupima samadi ya kuku, wifi alisimama pembeni akisubiri. Mama Pua alichota, akafumba macho kama kawaida yake. Lundo lilikuwa kavu, tena limepoa, akajiambia bila shaka liko tayari. Akasema imeiva.

Wakaitandaza kwenye matuta, kuzunguka miche ya nyanya, wakamwagilia, wakateremsha mapazia ya nailoni kwa sababu ya baridi. Siku mbili chakula hakikumshuka. Alikwenda kuchungulia miche kila mara, hadi mumewe akamtania kwamba hata yeye alipolazwa hakujuliwa hali kiasi hicho.

Siku ya tatu alikuta kingo za majani zimebabuka. Wifi aliingia nyuma yake, akatoka mbio akikohoa, machozi yakimchuruzika.

"Wifi, toka humo. Unapumuaje? Samadi bado mbichi, inatoa harufu ya mkojo mtupu."

Mama Pua alikuwa amesimama katikati ya miche mia nne na hasikii chochote. Alitoka, akapandisha mapazia yote.

"Sisikii harufu," alisema. "Tangu yale mafua. Nilikudanganya."

Wifi alifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Ungeniambia tu, wifi. Ningenusa mimi."

Hilo Mama Pua hakuwahi kulifikiria. Wakapiga magoti, kila mmoja kwenye tuta lake, wakaanza kuondoa samadi mashinani kwa mikono.