Nilimkuta Bihogo ndani ya kamera aliyoninunulia kaka

Ndugu wasomaji, jina langu amebaki nalo mwenye ukurasa, na nimemwomba asilitoe. Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza masomo ya ualimu, ila sijapata shule ya kuniajiri. Sisi ni wafugaji wa milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Vita vilitushusha hadi Sake, mimi na mama. Kaka yangu mkubwa hupanda na kushuka kuangalia ng'ombe wachache waliobaki. Baba alikufa nikiwa mdogo, na kaka ndiye niliyemjua kama baba.

Nilipopata diploma ya sekondari, babu alinipa mtamba wa rangi ya kahawia iliyoiva, pembe ya kushoto imeinama kuelekea jicho. Tulimwita Bihogo. Kwetu ng'ombe wa zawadi kama huyo hauzwi, na hakuna anayemgusa bila kukuuliza. Nikiwa masomoni Goma, kaka alinipigia simu kwamba Bihogo ameibwa, tena akiwa na mimba ya kwanza. Alisema mlinzi wetu wa ng'ombe, nitamwita Papa Kamana, alishirikiana na wezi.

Likizo ilipofika tulimketisha mzee yule mbele ya familia. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akaapa kwamba alimkabidhi kaka ng'ombe yule mkononi. Alikuwa anababaika, maneno yanakatika. Mimi, msomi wa nyumba, ndiye niliyefunga kesi. Nilimwambia: "Papa, muntu wa kweli habababaike."

Aliniangalia. "Mwana, miye nilikubeba ku mugongo," alisema. Kaka alimfukuza siku hiyo hiyo. Sasa anachimba madini Omate, kule Walikale, na mke wake anabeba mizigo katika soko la Sake.

Mwaka huu niliona wanafunzi wanavyohangaika kutafuta picha za kubandika kwenye karatasi za shule, nikaamua kununua kamera ndogo. Fedha nilizipata kwa kuuza maziwa, na hazikuruhusu kosa. Kwa hiyo nilisoma. Nilijifunza kwamba wingi wa megapikseli unaoandikwa kwenye sanduku haufanyi picha kuwa nzuri. Kwamba zoom ya lenzi ndiyo inayosogeza mtu karibu, ile nyingine inavuta picha tu mpaka inaharibika. Nilitaka inayotumia pili, yaani betri, za kawaida zinazouzwa kila kibanda, maana umeme kwetu ni wa kubahatisha, na kadi ambayo studio ya Sake inaweza kuisoma. Niliandika yote kwenye karatasi ya daftari nikampa kaka pamoja na fedha, kwa sababu yeye hushuka Goma mara kwa mara. Alicheka. "Weye uko unachagua kamera ao unachagua bwana?"

Baada ya wiki mbili aliniletea kamera nyeusi, occasion, yaani iliyokwisha kutumika, yenye mikwaruzo kidogo, lakini kila nilichoandika kilikuwamo. Akasema ameitafuta duka kwa duka. Nililia kwa furaha. Nilipiga nayo picha mwezi mzima.

Siku moja nilitoa kadi niipeleke studio, na kwa mazoea nikawasha kamera bila kadi. Sikujua kwamba ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani. Kaka naye hakujua. Nadhani alitoa kadi ya zamani akaamini ametoa kila kitu. Zilikuwamo picha tatu. Mtu mwingine angeona wazee na ng'ombe. Mimi niliona pembe ya kushoto iliyoinama. Bihogo alikuwa amesimama katika ua wa wakwe wa kaka, mzee wao amemwekea mkono mgongoni kama wanavyofanya wakipokea mahari, na kaka kando yake amevaa koti la sherehe. Chini ya tumbo la Bihogo kulikuwa na ndama ananyonya. Mimba ile ya kwanza ilizaliwa salama, mikononi mwa kaka.

Siku ya mahari nilikuwa kwenye mitihani. Waliniambia alitoa ng'ombe wa kununua. Na kamera yenyewe, iliyopiga sherehe ile, ilikuwa ya shemeji yake. Hakuna duka alilozunguka.

Nilimwonyesha kaka. Hakukana. Alisema ng'ombe ni wa familia, na mimi nitaolewa niache zizi. Hilo ningelivumilia. Kilichonivunja ni mama. Alitazama kile kioo kidogo bila kushtuka, akaendelea kuchambua maharage. "Mwana wangu, ile ngombe njo ilituletea bibi wa kaka yako. Sasa ule bibi iko na mimba. Unataka tumurudishe kwabo? Futa."

Kumbe alijua. Alikuwa ameketi kando yangu siku ile nikimwita mzee wa watu mwongo, na alijua.

Wifi yangu hana kosa, ananipenda kama dada. Nikisema, wakwe watajua wamepewa ng'ombe wa wizi, na ndoa ile sioni itasimamia wapi. Nikinyamaza, Papa Kamana atazeeka kwenye mashimo ya Omate akiitwa mwizi kwa kinywa changu.

Juzi mke wake alimleta binti yao nimpige picha ya shule. Alinyoosha kola ya mtoto, akaniuliza kwa upole: "Dada, ile ngombe yenu, hamukuionaka tena?"

Nilikuwa nimeshika kamera mkononi, na Bihogo yumo ndani. Nilitafuta jibu. Nikaanza neno, nikaliacha, nikaanza jingine. Ndugu zangu, nilibabaika.

Kila nikiifungua picha ile kamera inaniuliza kwa Kifaransa kama nifute: Effacer? Oui. Non. Ninyi mlio mbali na nyumba yetu, nipeni akili: nifanye nini?