Bakuli la Mjomba

Mke wangu mwizi. Mtanisamehe, lakini niseme nini? Kijiko changu cha chai kiko zahanati, mwiko wetu uko zahanati, na sufuria kubwa huja nyumbani mara mojamoja kama mgeni. Yeye ni mwalimu wa lishe. Kina mama wa vijijini wanamwita Mama Kijiko, kwa sababu somo lake la kwanza ni hilo: uji wa mtoto mdogo ukae kwenye kijiko, usikimbie. "Ukikimbia, hayo ni maji ya kuoshea sufuria!" huwafokea. Nao hucheka, kisha husaga karanga, huponda maharage, hutia na mafuta kidogo. Mimi ni fundi baiskeli, na ndimi dereva wake wa bure.

Mwaka ule aliyemnyima raha ni kitindamimba wa dada yangu mdogo, tuliyembandika jina la Kidagaa. Ana mwaka na nusu, na mshale wa mzani haubanduki. Nesi akasema mwezi ujao asipoongezeka, atalazwa hospitali ya mjini. Dada yangu alilia mpaka akanitia na mimi uchungu. Na si kwamba alikuwa hajui kupika, wapi! Masomo yote alikuwa nayo kichwani.

"Wifi, nakosea wapi?" akauliza.

"Sijui, wifi yangu," mke wangu akasema, na lilimuuma kwelikweli.

Basi tukamzukia kwake saa ya chakula. Chakula kilikuwa safi, hakina kasoro. Lakini sinia moja, watoto watano. Wakubwa wanachota utadhani wanazoa mchanga. Kidagaa tonge la kwanza bado liko shavuni, sinia jeupe.

"Huyu hana bakuli lake?" mke wangu akauliza.

Nikadakia mimi, mdomo wangu huu! "Bakuli la nini? Sisi tumelelewa kwenye sinia moja. Ukimtengea mtoto, unamfundisha uchoyo." Ndivyo alivyosema marehemu mama, na dada yangu akaniunga mkono.

Mke wangu akanitazama tu. Nikajua nimekwisha.

Somo lililofuata pale zahanati, aliwakalisha kina mama kuzunguka sinia moja. Wengine akawapa upawa. Dada yangu yeye akapewa kijiko cha chai, kile changu. "Na wewe wifi, kila ukitia mdomoni, tafuna taratibu kama huna meno. Haya, karibuni!"

Lo! Zilipigwa pawa hapo, watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Dada yangu alipoinua kijiko mara ya pili, hakukuta kitu. Naye alicheka, halafu kicheko kikamkatika.

"Kumbe mwanangu anashinda njaa mbele ya chakula," akasema.

Jioni ile bakuli langu la bati lenye mstari wa buluu, nililolinunua nikiwa kapera, likaondoka.

"Mpaka lini?" nikafoka.

"Mpaka anenepe."

"Na mimi nitakula kwenye nini?"

"Kwenye kifuniko, mume wangu."

Siku ya kupima nilikwenda, eti kudai bakuli. Mshale ukapanda. Nesi hakuamini, akampima tena, ukapanda vilevile. Hakuna kulazwa! Mawifi wakakumbatiana kwa vigelegele, na mimi nilifurahi mpaka nikajifanya napiga chafya.

Kidagaa alikuwa mkekani, bakuli langu katikati ya miguu yake, anakula. Nikachutama, nikanyoosha mkono. "Mjomba anataka bakuli lake."

Akanitazama. Akatazama bakuli. Akachota kijiko kikajaa, uji ukakaa, haukukimbia, akaninyooshea mdomoni.

"Huo ndio uchoyo?" mke wangu akauliza nyuma yangu.

Mdomo ulikuwa umejaa, na mpaka leo nakulia kwenye kifuniko.